Mkono wa Nyapal na Muhuri Wangu

Sogeeni karibu, wanangu, kwa maana sauti niliyobaki nayo si ya kupigia kelele, na jenereta la huyo jirani halina adabu. Awut, nyanyua mto kidogo, hapo hapo, nikilala chini kabisa kifua kinajaa. Mayen, chukua daftari na kalamu ukae upande wa sikio langu zuri, uandike kila ninachosema kama ninavyokisema, usinirekebishie Kiswahili changu cha kambi ya Kakuma wala usiruke mahali pa aibu. Na wewe Kaltun, dada yangu, samahani nimekutoa dukani saa ya wateja, lakini wakili alisema maneno ya mgonjwa yanataka shahidi ambaye si ndugu na hatarithi hata kijiko, na katika mtaa huu wote wa Gudele sijaona mwingine ambaye hajawahi kunipunja hata kwenye kilo moja ya sukari. Kaa hapo. Chai utaletewa.

Nimewaita mchana kwa makusudi, homa ikiwa imeshuka na akili bado ni yangu. Mayen, andika hivyo juu kabisa: mama alikuwa na fahamu, alimtambua kila mtu kwa jina, hakulazimishwa na mtu. Nimejifunza siku hizi za mwisho kwamba karatasi ni kitu cha kuogopwa, na ya kwangu nataka iwe na miguu ya kusimamia.

Nianze na vitu, hivyo ni vyepesi. Kiwanja hiki ni chenu nyote wawili. Hati ziko kwenye mfuko wa plastiki chini ya godoro hili, zina jina langu mwenyewe, na mpaka wa upande wa choo tulishaandikishana na jirani, kwa hiyo akija na mafundi wa ukuta msimsikilize. Awut akae nyumba kubwa, na hata akiolewa iendelee kuwa yake, ili siku akirudi kwa sababu zozote asigongee mtu mlango. Wajomba watasema binti hapewi ardhi. Waambieni ardhi hii niliinunua kwa kuponda mawe miaka mitatu mfululizo, wao hawakuponda hata moja, na kama wanataka kubishana wabishane na Kaltun aliyenisikia. Mayen achukue vyumba viwili vya nyuma na ile sehemu iliyo wazi, anajua pa kuchimba msingi. Mbuzi ni wa Awut. Nyundo zangu mbili wapelekeeni akina mama waponda mawe pale mlimani Jebel, lakini ile kubwa mpini umelegea, atakayeichukua aitie kabari kwanza asije akamuumiza mwenzake.

Vitu vimekwisha. Sikuwaita kwa ajili ya vitu.

Nipe maji, Awut. Kidogo tu.

Sikilizeni. Mnakumbuka tuliporudi kutoka Kenya, baba yenu tukiwa tumemzika huko, nilikaa chini ya Jebel Kujur na nyundo kama wanawake wengine, kila mmoja na chungu yake ya kokoto. Kazi hiyo ilikuwa na taabu, jua na vumbi, lakini ilikuwa yangu. Ukichoka unapumzika, ukijigonga kidole unajilaumu mwenyewe, lori la tipa likija unauza unakwenda zako. Halafu ikaja kampuni na mashine ya kusagia mawe. Wakazungushia waya upande ule wenye mawe mazuri, nasi tulioukuta mlima kabla yao tukaambiwa anayetaka mawe aingie getini afanye kazi yao. Tukaingia. Tulikuwa arobaini na kitu. Saa moja asubuhi geti linafungwa na filimbi inapigwa, ukichelewa unarudi nyumbani bila siku yako. Jumamosi tunapanga mstari tunalipwa kwenye dirisha lao. Wakikuchoka, askari anaambiwa usiingie kesho, kalas, imekwisha. Mimi kwa sababu nilisoma darasa la watu wazima kule kambini nikapewa kuandika majina ya waliofika, na akina mama wakaanza kuniita mnyapara, nami nikaitika. Nikawa natembea kwa mwendo mwingine kabisa, Kaltun ni shahidi, aliniambia siku moja kwamba siku hizi nanunua chumvi kama mke wa gavana.

Kazi yetu ilikuwa kubeba mawe kuyatia kwenye mdomo wa mashine, na kuutunza ule mkanda unaopeleka kokoto juu. Chini ya mkanda kuna rola, na mawe hupenda kunasa hapo. Mashine ilikuja na bati nene la kuifunika rola ili mtu asipitishe mkono. Bati hilo lilitolewa mwezi wa kwanza tu wa kazi, kwa sababu kulifungua na kulifunga kila jiwe linaponasa kulikuwa kunachelewesha matipa, na halikurudishwa tena. Andika, Mayen, lilikwenda wapi. Tuliliweka juu ya mawe mawili tukalifanya benchi. Mimi mnyapara wao, mwenye kusoma na kuandika, niliketi juu ya lile bati kila siku saa saba nikila ugali, na rola iko wazi hatua kumi mbele yangu, na sikuwahi kumwambia mtu neno.

Hakuna aliyetufundisha kwamba unaweza kukataa. Lakini hakuna aliyetukataza kuuliza pia, na mimi ndiye niliyekuwa na mdomo.

Kuna binti akiitwa Nyapal. Mayen na Awut mnamjua, ila ninamsema ili karatasi imjue. Ni mtoto wa yule mama tuliyekaa naye blok moja Kakuma, kabila letu si moja, lakini jiko lilikuwa karibu kiasi kwamba nilijua wamepika nini kabla hawajala. Na mama yake tuligombana. Ilikuwa kwenye foleni ya maji, akaniruka, tukavutana, akanivunjia ndoo, na mimi kwa ndoo ya plastiki nikamwekea kinyongo miaka kumi na tano. Binti mwenyewe hakuwa na kosa. Alikuwa na miaka ishirini na tatu, mchangamfu, mwepesi wa kazi, na alikuwa akiniita mama bila kujali ninavyomnunia.

Siku ile ya mwezi wa tatu jiwe lilinasa. Fundi wa mashine akapiga kelele litolewe, mashine ikiwa inakwenda, kwa maana desturi ya pale ni kwamba haizimwi, ikizimwa kuiwasha tena ni shughuli ya nusu saa na meneja anafoka. Nyapal alikuwa karibu, akainama na fimbo kama sote tulivyokuwa tukifanya. Mkono wa blauzi ulikuwa mpana. Sitasema zaidi ya hapo, aliyekuwepo anajua na ambaye hakuwepo asitamani kujua. Swichi niliipiga mimi. Akatiwa kwenye tipa lililokuwa linapakia, na dereva alikuwa wewe, Mayen, kibarua wa siku, ukavua shati ukamfunga nalo, ukaendesha huku unapiga honi mpaka hospitali. Huko walimkata juu ya kiwiko. Mkono wa kulia.

Siku ya tatu meneja akaja hapa nyumbani. Konga ndiye jina lake, liandike. Aliketi kwenye kiti hicho alichokalia Kaltun, akiwa na sukari kilo tano na heshima nyingi, akaniita madamu. Akasema ofisi ya mjini imeona bidii yangu, wameamua kunipandisha niwe kontrakta wa akina mama. Akatoa karatasi tatu za namna moja. Niliisoma, wanangu, nilisoma kila mstari. Ilisema wanawake wote wa pale ni wafanyakazi wangu mimi Atong, nimewaajiri mimi, likiwapata jambo ni langu, na kampuni yenyewe inanunua tu kazi kutoka kwangu. Na tarehe yake ilikuwa ya mwezi wa kwanza. Nikamuuliza mbona mwezi wa kwanza na sasa ni wa tatu. Akasema ni utaratibu wa ofisi tu, ili cheo changu kihesabiwe tangu mwaka ulipoanza. Mayen, usiandike kwamba mama hakuelewa. Nimekula chumvi nyingi. Nilielewa vizuri kabisa kwamba anautafutia mkono wa Nyapal mtu wa kuubeba.

Basi akaingiza mkono mfukoni akatoa muhuri. Wa mviringo, mpya, na kidau cha wino wa bluu. Mnaijua hii Juba yetu. Mtu ana shahada yake ya chuo anarudishwa dirishani kwa sababu barua haina muhuri, na mwenye muhuri anapishwa mlangoni hata kama hajui anakokwenda. Mimi niliyekuwa nikitia dole gumba kupokea mahindi ya mgao nikaona jina langu limezunguka mviringo, jina langu mwenyewe nililopewa na baba yangu, si Mama Fulani. Nikagonga. Nikagonga zote tatu. Konga alipoondoka nikagonga kwenye pakiti ya sukari, nikagonga kwenye kalenda, nikamwita Awut nikamgonga nyuma ya kiganja, akacheka, nami nikacheka. Nyapal alikuwa hospitali siku ya tatu, nami nilikuwa hapa nacheza na wino. Na ile ndoo ya Kakuma, Mungu anisamehe, nilipokuwa nagonga nilikumbuka ile ndoo.

Karatasi zilitaka pia sahihi ya shahidi, na shahidi alipatikana. Huyo nitamfikia.

Alipotoka hospitali Nyapal alikwenda getini kudai haki yake. Askari akamwambia kamwone mwajiri wako. Akauliza mwajiri wangu nani. Akaja hapa, akasimama mlangoni, kanga ameitupia bega hili la kulia. Hakuwa na hasira, ndiyo maana siwezi kusahau. Akasema, "Mama, wanasema wewe ndiye uliyeniajiri. Nimewaambia wamekosea."

Nikamjibu malesh, mwanangu, pole, mambo ya ofisi ni magumu. Nikampimia sukari, ile ile ya Konga, nikamtilia kwenye mfuko, akaipokea kwa mkono wa kushoto akasema asante.

Ngojeni. Ngojeni nipumue.

Baadaye nikasikia Konga amewapelekea dume la ng'ombe wajomba wa binti, wakalichinja, wakala, wakamwambia jambo limekwisha kiukoo. Yeye hakuonja. Akatembea mpaka mtaa wa Amarat kwenye ofisi ya wale wanaosaidia watu bure, akampata msichana wakili anaitwa Caroline, wa kwetu huyo, amekulia Eldoret, anachanganya Kiswahili na kila kitu. Caroline alipokuja hapa mara ya kwanza nilimfukuza, nikamwambia mimi ni kontrakta nina muhuri. Mara ya pili mimi mwenyewe nilimtuma mtu akamwite. Ilikuwa ile wiki niliyoanza kutema damu, na daktari akasema ni vumbi la mawe, limeganda ndani miaka yote hii, na hakuna dawa ya kulitoa.

Hakunigombeza. Alikaa hapo akaniuliza maswali kama ya mtoto. Mashine ni ya nani? Filimbi anapiga nani? Nani anaweza kumwambia mwanamke kesho usije? Wewe ulishawahi kumfukuza mtu? Kokoto zikiuzwa nani anapokea? Nikajibu kila swali, kampuni, kampuni, kampuni, mpaka nikajisikia mjinga. Akaniambia, basi mama, sheria haiangalii karatasi imekuita nani, inaangalia kazi ilikwendaje. Aliyekuwa na amri juu yenu ndiye mwajiri, na anayeumia kazini mwajiri ndiye wa kumtibu na kumfidia. Na lile dume wamelila wajomba, aliyeumia ni Nyapal, mlango wake wa sheria haujafungwa na nyama. Lakini akasema kampuni italeta mbele ya afisa wa kazi karatasi yenye tarehe, muhuri na shahidi, na binti ana nini? Ana kanga begani. Lazima asimame mtu aliyekuwepo aseme karatasi ile ni ya uongo.

Shikeni haya nanyi, kwa kuwa mtaajiriwa miaka mingi baada yangu. Msitie sahihi mahali ambapo tarehe inawadanganya, hata kama anayeileta anawaita madamu na bwana. Mkiumia kazini nendeni mkatibiwe siku ile ile na mseme kwa sauti kwamba mmeumia kazini, iandikwe, maana kilichoandikwa "ameanguka" hakitoki tena. Majina ya waliokuwepo yachukueni kabla hawajatishwa. Msikawie, madai nayo yana siku zake. Na mashine ikiwa wazi semeni iko wazi, mseme mara mbili, mara ya pili kwa maandishi. Mimi ningelijua hayo siku ninakula ugali juu ya bati, labda ningekuwa na la kujitetea. Kifua changu Caroline anasema kinaweza kudaiwa pia, ila itakuwa vigumu kwa sababu vumbi la nyundo yangu na la mashine yao limechanganyika. Mwacheni ajaribu, si kwa ajili ya pesa. Aombe wale waliobaki wamwagiwe maji kwenye mawe na wapewe vitambaa vya pua. Muhuri uko kwenye kopo la majani ya chai, mpeni yeye mkononi, pamoja na nakala yangu ya karatasi.

Sasa tufike. Awut, nishike mgongo.

Shauri la Nyapal ni Alhamisi hii. Mimi Alhamisi siioni, au nikiiona sitaweza kusimama. Caroline amekuwa mkweli kwangu, anasema maneno haya tunayoandika yana uzito, lakini wa kampuni watasema bibi alikuwa na homa, alikuwa na kisirani kwa sababu ya mapafu yake, na maiti haiulizwi maswali. Anatakiwa aliye hai. Andika, Mayen. Karatasi ile haikuandikwa mwezi wa kwanza. Ililetwa nyumbani kwangu mwezi wa tatu, siku ya tatu baada ya Nyapal kukatwa mkono. Muhuri niligonga mimi. Na aliyetia sahihi kama shahidi, kwenye nakala zote tatu, anaitwa...

Mbona kalamu imenyamaza?

Awut, usinitolee macho, hukujua kwa sababu tulikuficha. Kaltun, nawe vumilia, ndivyo nyumba yetu ilivyo. Shahidi ni Mayen. Ulikuwa unaoga, mwanangu, nikakuita, ukaja na povu la sabuni shingoni, nikakusukumia kalamu nikasema tia hapa, ni mambo ya mama. Uliona tarehe. Ulinitazama mara moja, nami nikatazama pembeni, ukatia. Wiki iliyofuata ukaitwa ukapewa tipa la kudumu na barua ya ajira, na hatujalizungumza tangu siku ile, mimi na wewe, tunakula sahani moja na hatulizungumzi. Liandike hivyo, kwamba alitia kwa amri ya mama yake. Lawama ya kwanza ni yangu na nataka ibaki yangu.

Unasimama? Haya, simama. Simama hapo mlangoni upate hewa, sikio lako linanisikia.

Najua unachohesabu. Una mke na watoto wawili shuleni, na Konga hatakuacha na ufunguo hata nusu siku. Sitakudanganya kwamba utabaki na kazi. Caroline aliniambia anayekwenda mwenyewe kurekebisha uongo wake hatazamwi kama aliyekamatwa nao, lakini hakuniahidi kitu, na mimi sikuahidi kwa niaba yake. Fanya hivi: kesho uitoe nakala ya barua yako ya ajira na vile vijikaratasi vya mshahara, umpe Awut avitunze. Wakikufukuza kwa sababu umesema kweli, hilo nalo ni shauri, unalipeleka ofisi ile ile. Nakuambia njia ilipo. Sikuambii ni njia nzuri.

Na jambo lingine. Wazee wenzangu walionijia juzi walinishauri nikutishe kwa laana, kwamba usipokwenda maziwa yangu yakudai. Mnajua kwetu laana ya mama inavyoogopwa. Sitakulaani. Kaltun umesikia, Awut umesikia, akienda asipoenda, Mayen ni mwanangu na hana laana yangu. Nikikupeleka kwa laana utakwenda ukiogopa maiti, na anayeogopa maiti akibanwa na swali la wakili wa kampuni atabadilisha maneno. Mimi nataka aende mtu ambaye anajua lile shati lilikwenda wapi. Ulirudi nyumbani kifua wazi siku ile, ukakaa nyuma ya nyumba peke yako mpaka chakula kikapoa. Huyo ndiye nilimzaa. Huyu wa povu la sabuni nilimtengeneza mimi, kwa dakika mbili.

Maji, Awut.

Chukua kalamu wewe basi, tumalizie ya mazishi, nguvu inakwenda. Msinisafirishe. Nizikeni hapa hapa Juba, makaburi ya karibu, pasta asiseme maneno mengi, na asiseme nilikuwa mwanamke wa mfano. Konga atakuja matangani. Atakuja na turubai na viti na magunia, huwa anakuja. Mkaribisheni akae kama mtu yeyote, apewe chai ya nyumba hii, lakini cha kwake kisishushwe kwenye gari. Na mtu asimtilie sahihi yoyote, hata ya kupokea viti. Nyapal na mama yake waketi na nyinyi, upande wa wenye msiba. Mama yake mwambieni... mwambieni ile ndoo ilikuwa na ufa hata kabla hajaivunja. Nilijua.

Nishike kiganja, nitie jina langu. Hapo? Hapo. Limepinda. Kaltun, weka lako chini, na tarehe ya leo, ya leo hasa. Asante, dada. Mungu akulinde wewe na duka lako, na wanao waliobaki Garissa.

Awut, uwe na nyumba yenye mlango wako. Uwe na sauti. Usicheke mtu akikugonga muhuri mwilini, hata akiwa mama yako. Mungu akupe...

Awut, nani amekaa hapo? Sioni vizuri. Ni Mayen? Anasema nini? Sema karibu na sikio, mwanangu, hili zuri.

Unauliza saa ngapi?

Saa tatu. Alhamisi saa tatu asubuhi. Nenda mapema, wanafunga mlango. Vaa lile shati la kanisani. Mpitie Nyapal kwao kwanza, mwingie pamoja, asiingie peke yake. Ukiulizwa tarehe usikimbilie kujibu. Pumua kwanza, halafu useme mwezi wa tatu.

Lete kichwa chako, nikiguse. Mungu akutangulie, Mayen. Akutangulie na mchana huo, na wa baadaye, ule mrefu usio na kazi. Baba yako... angekuwa... 

Mwezi wa tatu, mwanangu. Sema hivyo tu.